Umekwama Wapi? Utatuzi wa Matatizo ya Lugha ya Picha katika Hadithi

Anza na aya hii. Nimeitunga makusudi kwa kazi yetu:

"Mwezi ulikuwa mpevu. Kibirizi yote iling'aa; mchanga mweupe, maji meupe, hata mitumbwi iliyopinduliwa ufukweni ilimetameta. Mama Zena akafunga dirisha. Akarudi jikoni, akaongeza maji kwenye uji, akakoroga, akaongeza tena. 'Huu mwezi,' akasema, 'utatumaliza.'"

Msomaji aliyekulia mbali na Ziwa Tanganyika hukwama papo hapo. Ameona usiku mzuri na maji yanayong'aa, naye amezoea hadithi ambazo mwezi wa namna hiyo huleta mapenzi au sherehe. Sasa huyu mama anafunga dirisha kwa nini? Wengine huamua kwamba amechanganyikiwa, wengine kwamba kuna uchawi. Kijana wa Kibirizi au Katonga, kwenye fukwe za wavuvi hapa Kigoma, haulizi. Anajua kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola, na kwamba taa humvuta dagaa vizuri usiku unapokuwa mweusi. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji yote, taa ya mvuvi inakosa nguvu, mitumbwi inakaa ufukweni na pesa nazo zinakaa hukohuko ziwani. Ndiyo maana uji unaongezwa maji. Mwezi mpevu wa Kibirizi ni njaa.

Nasema msimamo wangu mapema ili uupime unavyoendelea kusoma. Mtu anayekwama kwenye lugha ya picha mara nyingi hajakosa somo la tamathali za semi, yaani mbinu za lugha ya picha na majina yake. Amekosa habari za kitu kilichotumika kutengeneza picha. Anaruka kutoka kwenye neno hadi kwenye "maana iliyofichika" bila kukanyaga katikati, pale kilipo kitu chenyewe: mwezi, mchikichi, moshi, reli. Kabla ya kuuliza picha ina maana gani, uliza kitu hicho kinafanyaje kazi mahali hadithi inapotokea.

Ninayoyaandika hapa chini ni malalamiko ninayoyasikia ninaposoma hadithi na vijana wa sekondari hapa Kigoma, pamoja na ya wenzao wa Tabora, ambako ndiko nilikolelewa. Tafuta lalamiko lako; si lazima ufuate mpangilio.

"Kila neno nalijua, lakini sentensi haina kichwa wala miguu"

Chunguza kwanza kama ni nahau. Wazungumzaji huihifadhi nahau ikiwa nzima. Ukiikata vipande, kila kipande kinakudanganya. Kipimo ninachokiamini ni hiki: angalia watu waliomo ndani ya hadithi wanafanya nini baada ya maneno hayo kutamkwa. "Baba Juma kamwaga unga," anasema jirani, na hakuna anayeshika ufagio. Mama Juma anakaa chini, anauliza kodi ya nyumba italipwaje. Basi unga huo hauko sakafuni; Baba Juma amefukuzwa kazi. "Kaka kapata jiko," na hakuna anayeuliza kama ni la mkaa au la gesi; wanauliza ni binti wa nani. Wahusika wanaijua lugha yao. Wakilipokea jambo la ajabu bila kushangaa, wamesikia kitu tofauti na ulichosikia wewe.

Dawa yake ni fupi. Andika nahau yote kama ilivyo, itafute kwenye kamusi chini ya kitenzi chake, na isipokuwamo muulize mtu mzima.

Ila kuna mtego. Mwandishi hodari anaweza kuiamsha nahau iliyokwisha kulala. Tuseme hadithi inatokea Uvinza, na tunasoma: "Mzee Rashidi alikuwa amekula chumvi nyingi, na nyingine ilikuwa bado imeganda kwenye nyufa za mikono yake." Nusu ya kwanza ni nahau ya kila siku, kwamba mzee ana umri mkubwa. Nusu ya pili inaturudisha kwenye chumvi yenyewe, kwa sababu Uvinza ni mahali pa chemchemi za maji ya chumvi, na watu walichemsha chumvi pale karne nyingi kabla ya reli kufika. Umri wa mzee na kazi iliyomchakaza vimefungwa katika neno moja. Ukijibu "maana yake ni kwamba alikuwa mzee" umepata nusu tu. Nahau iliyoamshwa utaitambua kwa maneno yanayoifuata: yakiendelea kukizungumzia kile kitu, rudi nyuma usome upya.

"Picha naiona, lakini naambiwa jibu langu si sahihi"

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine) na tashbihi (kukifananisha na kingine kwa neno kama "kama") huazima sifa. Mwandishi anaposema bibi fulani "alikuwa mchikichi wa ukoo ule", hakuuazima mchikichi wote. Ameazima sifa moja au mbili. Msomaji mwenye haraka huchukua sifa ya kwanza inayomjia, nayo kwa kawaida ni ile inayoonekana kwa macho. Mchikichi ni mrefu, kwa hiyo bibi alikuwa mrefu. Kisha anashangaa kukosa alama.

Chukua karatasi, andika kila unachokijua kuhusu mchikichi, hata yale unayoyaona hayahusiki. Ni mrefu. Makuti yake yana miiba. Nyama ya tunda lake inatoa mawese, na kokwa inayobaki haitupwi, inatoa mafuta ya mise. Makuti yanaezekea nyumba, vijiti vyake vinafanya ufagio. Unagemwa pombe. Unakaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, halafu unazaa kwa miaka mingi. Anayepanda kukata mashada anaweza kuanguka. Sasa rudi kwenye hadithi na kalamu mkononi, ukate kila sifa ambayo hadithi inaikataa. Kama bibi ni mfupi aliyepinda mgongo, urefu umekwenda. Kama watoto wote wamesomeshwa kwa jasho lake, kisha wa kwanza akachukua shamba, wa pili akachukua mbuzi, wa tatu akabeba hadi mikeka, basi hadithi imekuelekeza kwenye mti usiotupwa kitu, mti ambao kila mtu anaondoka na sehemu yake. Na kama ukurasa uliotangulia ulisema hakuna aliyewahi kumchotea bibi huyo hata ndoo moja ya maji, utaona kwamba picha hii haikuwa sifa tupu. Ilikuwa na lawama ndani yake, na lawama hiyo huipati kwa kuangalia urefu wa mti.

Orodha hiyo itakuwa ndefu kwa mtu wa Mwandiga, hapa Kigoma, kuliko kwa mtu wa Dodoma. Hakuna aibu hapo. Ni kazi ya kufanya tu, na inafanyika kwa kuuliza.

Wakati mwingine watu wawili wana orodha mbili zilizo sahihi. Tunasema "Kigoma, mwisho wa reli", na ni kweli: Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikakomea majini. Mwandishi akisema mhusika wake "amefika mwisho wa reli", msomaji wa Dar es Salaam ataelewa kwamba mambo yamekwisha, mtu hana pa kwenda tena. Lakini kwa anayefanya kazi bandarini Kigoma, reli inapoishia ndipo meli inapoanzia. Mizigo inapakiwa kwenda Bujumbura, Kalemie na Mpulungu. Kwake yeye mwisho wa reli ni mahali pa kubadilisha chombo. Usichague kwa kupenda. Angalia mhusika ni mtu wa wapi, kisha angalia aya inayofuata kama inamwonyesha akikata tamaa au akiulizia nauli.

Mfano wa tatu naupenda zaidi kwa sababu kutoujua kunageuza hadithi nzima. Tuseme mfanyabiashara amefilisika, na msimulizi anasema: "Alizama kama Liemba." Asiyeijua meli hiyo atafunga kitabu akiwa na hakika kwamba mtu yule amekwisha. Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashine zake grisi nzito zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, ndilo hilo la Liemba. Kwa hiyo aliyezama kama Liemba amejizamisha mwenyewe akiwa amejihifadhi, na atarudi kwa jina lingine. Msomaji anayeyajua hayo ataanza kumtafuta yule mfanyabiashara kwenye kurasa za mbele, na kila mgeni mwenye jina geni atamtazama mara mbili.

Linganisha na sentensi hii: "Alilitupa neno lile katikati ya ziwa." Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji yake ya chini karibu hayachanganyiki na ya juu na hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote wanaishi tabaka la juu. Liemba ilizamishwa karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, ambako kina ni kifupi, ndiyo maana iliweza kuibuliwa. Neno lililotupwa katikati hakuna wa kulifuata. Sentensi hiyohiyo ikiandikwa kuhusu Ziwa Viktoria, lenye kina cha yapata mita 80 tu, inapungua uzito, ingawa Viktoria ni pana zaidi. Mwandishi wa Mwanza anayetaka kusema siri haitarudi itabidi atafute kitu kingine.

"Nimeelewa kinyume kabisa"

Hapa chanzo ni maana iliyozoeleka. Giza ni ubaya, mwanga ni wema, moshi ni hatari. Msomaji amezibeba maana hizo kutoka hadithi nyingine na anaziingiza hapa bila kubisha hodi. Mvuvi wa dagaa akisema "tuombe giza", anaomba riziki, na msomaji aliyebeba giza lake la siku zote atamdhania mwizi.

Tabora wana mfano wao. Soma hapa: "Mjomba alimpulizia Shija moshi taratibu, maneno matamu, habari za marehemu baba yake, kicheko kidogo. Shija akatulia. Ndipo mjomba akataja shamba." Vijana wengi wa mjini husema moshi ni uongo, kwamba mjomba anamziba Shija macho. Si mbali sana, ila kiini kimewapita. Muulize mrina asali wa Sikonge, mkoani Tabora. Kwenye miombo, misitu ya huko, mzinga hauguswi kabla ya kupuliziwa moshi. Nyuki wakipata moshi hukimbilia kujaza asali tumboni kana kwamba wanajiandaa kuhama, na harufu ya moshi inafunika ile harufu wanayoitoa kuitana vitani. Yaani moshi humtuliza mwenye mali wakati mali yake inachukuliwa. Sasa rudia sentensi ya mwisho, ile inayotaja shamba. Mjomba huenda hajasema uongo hata mmoja. Habari za marehemu zinaweza kuwa za kweli tupu. Anachofanya ni kutoa asali. Na kuna jambo jingine limeingia na picha hiyo: nyuki wakizinduka, wanauma. Hadithi imekwisha kukuonya kuhusu Shija.

Ukikutana na kitu chenye maana iliyozoeleka, kama giza, damu, maji au njia panda, iache kando ile maana mpaka hadithi yenyewe ionyeshe kwamba inaitaka.

"Naweza kutaja tamathali, ila nikiulizwa 'kwa hiyo?' sina jibu"

Huu ni ugonjwa wa darasani na unaniumiza, kwa sababu unawapata wanafunzi wanaojitahidi. Wamekariri tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha, kejeli, tafsida, takriri. Wanaona mfano, wanaupachika jina, wanasonga mbele. Vitini vya maswali na majibu vimewazoesha hivyo. Mtihani unapotaka waeleze picha hiyo imefanya kazi gani, wanaandika "imepamba kazi ya fasihi". Kwa maoni yangu jina la tamathali lingekuja mwishoni mwa somo, baada ya mwanafunzi kueleza kwa maneno yake kinachotendeka.

Njia ninayoitumia ni kuondoa picha na kuweka maneno makavu mahali pake, kisha kutazama kilichopotea. Chukua "ziwa lilikoroma usiku kucha." Weka: "ziwa lilitoa sauti usiku kucha." Nini kimekwenda? Anayekoroma amelala, kwa hiyo ziwa halina hasira. Anayekoroma mko naye nyumba moja, mnamsikia kupitia ukuta, mmemzoea kiasi kwamba sauti yake haiwanyimi usingizi. Familia hii inaliona ziwa kama babu aliye chumba cha pili. Weka "ziwa lilinguruma" na familia nzima inakuwa macho kitandani. Kilichopotea ulipoweka maneno makavu ndicho jibu la "kwa hiyo?". Baada ya hapo andika "tashihisi", yaani kukipa kitu tabia ya mtu, ukipenda.

Na kwa kuwa tuko darasani, tumalize suala la "kama", ambalo linawapotosha wengi. Si kila "kama" huleta tashbihi. "Kama mvua ikinyesha, hatutaanika dagaa" ni sharti. "Alikaa Tabora kama siku tatu" ni makadirio. "Aliajiriwa kama karani wa stesheni" inataja cheo. "Mtumbwi huu ni mrefu kama ule" inalinganisha vitu vya aina moja, na hakuna picha iliyozaliwa. Tashbihi inahitaji vitu viwili vya jamii tofauti vinavyokutana kwenye sifa. "Alikuwa mwembamba kama mgebuka" hiyo sawa, mtu na samaki.

Mubalagha haiwasumbui watu wengi. Mtu akilia mpaka Malagarasi ukafurika, kila mmoja anajua kwamba ametiwa chumvi. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini msimulizi aliona machozi ya kawaida hayatoshi.

"Mhusika ametukana msibani na hakuna aliyekasirika"

Kama maneno yamegongana na tukio, fikiria kejeli kwanza. Anayefika saa sita mchana kwenye shughuli ya saa mbili akaambiwa "aisee, umewahi!", amesemwa.

Lakini kejeli haitoshi kueleza kila kitu. Tuseme kuna msiba wa Mnyamwezi huko Urambo. Anaingia Mzaramo, anazuia jeneza lisitoke, anasema marehemu alikuwa mchoyo na kwamba haendi popote mpaka deni lake lilipwe. Watoto wa marehemu wanacheka huku wanafuta machozi, wanampa pesa kidogo, jeneza linapita. Msomaji asiyejua utani atamwona mtu katili na familia isiyo na adabu, na kila atakachosoma baadaye kitakuwa kimepinda. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani una historia ndefu ya misafara ya karne ya 19, wapagazi waliposhuka kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo pwani na kurudi. Mtani ana haki ya kusema asichoweza kusema ndugu, na msibani ana kazi: anawashusha wafiwa mzigo. Maneno yake ni matusi kwa umbo na ni faraja kwa kazi yake. Kwa hiyo ukikuta tusi lisilo na jeraha, tafuta uhusiano wa wawili hao kabla ya kutafuta maana ya tusi. Makabila yao, ukoo, shemeji, babu na mjukuu. Mara nyingi msimulizi ameudokeza mapema kwa neno moja tu, nawe ulilipita.

"Kuna jambo limetokea lakini sijui ni nini"

Hiyo ni tafsida, jambo zito kusemwa kwa maneno laini, na huwa haina kelele. "Mzee amepumzika," halafu mikeka inatandikwa nje na mtu anatumwa kwenda kununua sanda. Ukikosa neno, fuata vitendo: sauti zimeshuka, watoto wametolewa chumbani, chakula kinapikwa kwa sufuria kubwa.

Ugumu unakuja tafsida inapokuwa ya zamani yake. Hadithi zinazosimulia miaka ya 1990 zina watu "waliokanyaga waya", au wenye "ngoma". Kijana wa leo anawaza umeme na muziki. Wakati ule ilikuwa namna ya kutaja Ukimwi bila kuutaja, na hofu iliyofanya watu wakwepe jina ni sehemu ya hadithi. Mwulize mama au shangazi aliyekuwa mtu mzima miaka hiyo, na umpe nafasi ya kujibu, kwa sababu huenda akawa alimzika mtu.

"Kila kitu naona ni ishara"

Huyu ana tatizo la upande wa pili, na mara nyingi ni msomaji mzuri aliyesifiwa kupita kiasi. Mwanamke amebeba mawese kutoka Mwandiga, mvua inamnyeshea njiani, na tayari mvua ni ukoloni mamboleo, mawese ni damu ya wanyonge, barabara ni siasa. Kigoma mvua hunyesha kwa miezi mingi ya mwaka. Mtu akitembea Januari, atalowa.

Ishara ya kweli huacha alama. Inarudi, tena mahali penye uzito: mwanzoni, kwenye mgogoro, mwishoni. Inapewa maneno mengi kuliko tukio linavyohitaji. Kama dumu la mawese limeelezwa rangi, ufa, kamba iliyofungia kizibo, na nani aliliacha, msimulizi hakufanya hivyo kwa kupoteza wino. Na wahusika wenyewe wanalitendea dumu hilo kwa namna isiyo ya kawaida, wanalificha, wanagombania, wanakataa kuliuza wakiwa na njaa. Kama huoni hata moja kati ya hayo, iache mvua iwe mvua. Ukiona mawili, endelea kuchimba.

Ngano za wanyama zina utaratibu wake: usikimbilie kumtafuta sungura ni waziri gani au fisi ni tajiri gani. Angalia nani hana nguvu na anapona kwa njia ipi. Hapo inatosha kuanzia.

"Picha yenyewe inaonekana mbovu"

Kabla hujamlaumu mwandishi, uliza picha ni ya nani. Mtu wa Tabora, mrina asali aliyeishi maisha yake yote chini ya miti, anapanda mlima Kigoma na kuliona ziwa kwa mara ya kwanza. Msimulizi anaandika: "Aliona msitu uliokatwa wote, hata kisiki hakikubaki." Wanafunzi wa hapa hupinga kwa nguvu, ziwa halifanani na msitu uliokatwa hata kidogo. Kwao, hapana. Kwa mtu ambaye mti ni chakula chake, uwazi mkubwa usio na mti ni hasara, na sentensi ile imetuonyesha hofu yake bila kusema "aliogopa". Mchukue mvuvi wa Katonga umpeleke Sikonge, asimame juu ya jabali atazame miombo. Pengine ataona mawimbi yaliyogoma kusogea. Jaribu kumpa mhusika mwingine picha hiyohiyo. Ikikataa kumkaa, basi mwandishi aliipima vizuri kwa yule wa kwanza.

Umejaribu yote na bado umekwama

Tafuta mtu anayefanya kazi na kile kitu, na uangalie unavyouliza. Ukimuuliza mrina asali moshi unaashiria nini, atakutazama tu. Muulize anatumia kuni au magome gani kuwasha, anapuliza kwa muda gani, akizidisha inakuwaje, nyuki wanakaa muda gani kabla ya kurudia hali yao, na mzinga ukishatolewa asali yote kunatokea nini. Andika majibu kama alivyoyasema, kisha uyapeleke kwenye hadithi moja moja. Yakibaki mawili yanayokubaliana na kila kitu kilichoandikwa, weka yote mawili kwenye daftari, na chini ya kila moja uandike sentensi za hadithi zinazolitetea. Kwenye mtihani, jibu lile lenye sentensi nyingi zaidi.